Habaswein hakuna baa, kuna nyumba ya maziwa

Nilishuka Habaswein alasiri moja ya mwisho wa Juni, na aliyetangulia kunilaki ni vumbi. Liliniingia machoni, puani, hata ndani ya begi nililokuwa nimelifunga zipu. Baadaye nikaelezwa kuwa jina la mji lenyewe limeshatoa onyo: kwa Kisomali habaas ni vumbi, na weyn ni kubwa. Msafiri asiseme hakuambiwa.

Kutoka Malindi ni mwendo. Nilipitia Garsen na Hola, nikalala Garissa, na asubuhi nikapanda gari la Wajir linalopitia Modogashe. Habaswein iko Wajir Kusini, karibu na kinamasi cha Lorian, pale Mto Ewaso Ng'iro unapotawanyika na kunywewa na mchanga. Nilikuwa nimekwenda kumtazama rafiki yangu tuliyesoma pamoja, ambaye sasa ni mwalimu huko. Tulipomaliza kupeana habari za nyumbani, nikamuuliza swali ambalo mtu wa Pwani huuliza akifika mji mgeni: "Watu wa hapa jioni hukaa wapi?"

Ndugu msomaji, mimi si mnywaji. Lakini nimekulia jirani na mangwe, na kila aliyekulia Kilifi anajua mangwe si pombe peke yake. Kivulini pale, chini ya makuti, ndipo unaposikia nani amefiwa, nani ameuza shamba, na ng'ombe wa nani ameingia mahindi ya nani. Mnazi wenyewe umegemwa mita mia kutoka mahali unaponywewa, na mgema anajulikana kwa jina na kwa mkono wake. Binamu yangu anayeishi Uingereza aliwahi kunieleza kuwa kule nako wameirudia desturi hiyo. Mwaka wa 2005 mtu mmoja katika kijiji cha Herne, Kent, alifungua kibaa kidogo katika duka lililowahi kuwa bucha. Hakuna muziki wala televisheni, ni bia za mafundi wa karibu na mazungumzo ya watu. Vingine vingi vikafuata nchini kote. Nilimjibu kuwa sisi tulikuwa navyo zamani, ila vyetu havina mlango.

Rafiki yangu alicheka. "Habaswein hakuna baa," akasema. "Lakini vaa viatu, twende."

Chumba kimoja cha mabati

Tulikwenda nyuma ya soko, kwenye chumba kimoja cha mabati. Ndani mlikuwa na mkeka, mabenchi mawili, chupa za chai mstari mmoja, na jerikeni za manjano zilizofunikwa gunia lililoloweshwa maji. Ukutani palibandikwa namba ya kulipia kwa M-Pesa. Juu yake, kwenye msumari, kulikuwa na chombo cha kusukwa, cheusi kwa moshi, chenye mikanda ya ngozi. Nilidhani ni pambo.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo. Rafiki yangu alimwita "eeddo", yaani shangazi, nami nikamfuata. Aliitikia salamu, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Malindi.

"Huko nako kuna ngamia," akasema. "Nimewaona kwenye simu. Wanabeba wazungu ufukweni."

"Ndiyo, eeddo."

"Na maziwa yao anakunywa nani?"

Sikuwa na jibu. Wote waliokuwa kwenye benchi walinitazama kama mtu aliyekiri kosa.

Basi nikaletewa vitu vitatu, kwa mpango. Kwanza maziwa mabichi ya asubuhi ile, wanayoyaita dhay. Ni mepesi kuliko ya ng'ombe, na yana chumvi kidogo inayobaki ulimini. Pili chai, shaah, iliyopikwa kwa maziwa hayo na sukari isiyohesabiwa. Tatu, katika kikombe cha bati, nikaletewa suusac. Hiyo c ya mwisho isome kama ‘ain ya Kiarabu, na mtu yeyote aliyepita madrasa ataiweza.

Suusac ni maziwa ya ngamia yaliyochachuka. Ni meupe, mepesi ya kumiminika, makali kiasi cha kukukunja uso mara ya kwanza, na nyuma ya ukali huo kuna moshi. Si moshi wa jikoni unaotia machozi, ni moshi mtamu, kama wa nguo iliyofukizwa. Kikombe cha kwanza nilikinywa kwa adabu. Cha pili nilikiomba mwenyewe.

Yanavyochachuka

Mtu wa Pwani haelewi suusac kwa kuifananisha na mtindi wa dukani. Aifananishe na tembo. Mnazi ukishuka asubuhi ni tembo tamu, hata mtoto anaonja. Hakuna anayeutia kitu. Joto na vijidudu visivyoonekana vilivyo katika chombo vinafanya kazi, na jioni tembo limekuwa kali. Maziwa ya ngamia nayo ni hivyo. Yanakamwa, yanatiwa katika chombo kilichofukizwa, yanafunikwa, yanaachwa penye joto siku moja au mbili. Chombo hukumbuka maziwa ya jana na kuyafundisha ya leo.

Wanasayansi waliichunguza suusac ya Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2005. Walikuta bakteria wa jamii ile inayogandisha mtindi, na pamoja nao hamira za porini. Nalitaja hili kwa sababu najua kuna msomaji anataka kuuliza kama kinywaji hiki kinalevya. Hakilevyi. Kazi kubwa inafanywa na wale bakteria wa uchachu, na watu wa Habaswein, ambao ni Waislamu, wanaihesabu kuwa maziwa na wanawapa watoto na wazee. Lakini kumbuka hizo hamira, maana zitanirudia mbele.

Jambo jingine ni kwamba maziwa ya ngamia hayagandi kama ya ng'ombe. Protini zake zimejengwa kwa namna nyingine, kwa hiyo ukingoja yashikane uyakate kwa kijiko, utangoja sana. Suusac hunywewa, hailiwi. Tena maziwa haya yana vitamini C takriban mara tatu ya yale ya ng'ombe, neema kubwa katika nchi ambako mboga na matunda huja kwa lori.

Na ngamia mwenyewe hatoi kwa pupa. Hubeba mimba miezi 13 hivi, na hakubali kukamwa vizuri mpaka ndama aanze kunyonya. Ana chuchu nne, na mfugaji mwenye huruma hukamua mbili akamwachia ndama mbili. Maziwa huwa mengi baada ya mvua za gu', za Aprili hadi Juni, na za deyr, za Oktoba hadi Disemba. Katikati huja jilaal, kiangazi cha Januari hadi Machi, na ndipo eeddo huuza vikombe vichache kwa bei kubwa na kuwaomba radhi wateja.

Mabishano ya chombo

Kile chombo cha ukutani hakikuwa pambo. Kinaitwa dhiil. Wanawake hukisuka kwa nyuzi za mimea, mshono juu ya mshono, mpaka kishike maziwa yasipenye. Kabla ya kutiwa maziwa hufukizwa: kijinga cha mti uliochaguliwa, mara nyingi mgunga au mzeituni mwitu, hutiwa ndani na kuzungushwa mpaka moshi ulambe kila upande. Moshi huo hutia ladha, na pia hupunguza vijidudu vinavyoharibu maziwa. Kila mama ana mti anaouamini.

Nikauliza kwa nini basi dhiil iko ukutani na maziwa yamo kwenye jerikeni. Hapo nikawa nimechokoza mzinga.

Mzee mmoja kwenye benchi, waliyemwita adeer, yaani baba mdogo, alisema maziwa ya plastiki hayana mwenyewe. Kwa dhiil, alisema, mtu angeweza kuonja na kujua yametoka boma la nani na yamefukizwa na mke wa nani. Siku hizi anaonja plastiki tu. Eeddo alimngoja amalize. Kisha akasema, na rafiki yangu akanitafsiria: "Adeer, dhiil moja husukwa kwa wiki nyingi, na inabeba lita chache. Maziwa yangu yanakuja kwa pikipiki kutoka malishoni. Jerikeni ikianguka, haivunjiki wala haipasuki. Wewe unakunywa kikombe kimoja, mimi nina watoto wa kusomesha."

Wote wawili wana haki, na hapo ndipo lilipo jambo lililonifanya niandike makala haya. Jerikeni ni rahisi, nyepesi na inapatikana kila duka. Lakini ina shingo nyembamba. Mkono hauingii ndani, brashi haifiki pembeni, na huwezi kutia kijinga cha moto ndani ya plastiki. Utando wa maziwa ya jana hubaki kwenye pembe, na hao si wale vijidudu wema wa dhiil. Mara nyingine eeddo hupokea maziwa yaliyokwisha kuharibika njiani, si kuchachuka bali kuoza, akayamwaga. Hasara ni yake. Mwenye pikipiki ameshalipwa.

Kuna njia ya katikati, na imeshajaribiwa. Isiolo kuna ushirika wa wanawake uitwao Anolei, wanaokusanya maziwa ya ngamia, kuyapoza na kuyatuma Nairobi kwa basi hadi Eastleigh. Huko wanawake walianza kutumia mikebe ya chuma yenye mdomo mpana. Mkono unaingia, sabuni inafika, maji ya moto hayaiharibu, na la muhimu zaidi, unaweza kuufukiza ndani kama dhiil. Ujuzi ni ule ule wa bibi, chombo ndicho kipya. Eeddo anaijua mikebe hiyo. Tatizo ni bei, na kwamba akimpa mwenye pikipiki mkebe wa chuma, hana hakika ya kuuona tena.

Nikamuuliza je, wakimtilia maji maziwa, atajuaje? Nikamtolea na methali yetu ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ilipotafsiriwa, walicheka mpaka adeer akashika mbavu. Eeddo alitoa kipimo cha kioo kinachoelea, akakitumbukiza kwenye maziwa. Kikizama kupita alama, maziwa yametiwa maji. "Lakini ulimi wangu huwa umeshajua," akasema.

Tuseme ukweli kuhusu mabichi

Sasa niseme jambo ambalo mabenchi yale hayakulipenda. Maziwa mabichi, ya ngamia au ya mnyama mwingine, yanaweza kubeba brusela, ugonjwa unaoleta homa zinazokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo yanayodumu miezi. Unaweza kuharibu mimba. Uchachu wa suusac hauutoshi kuuua. Moshi pia hautoshi. Moto ndio unaoutosha.

Kwa chai hakuna hofu, maana maziwa yamechemka. Kwa suusac, inawezekana kuchemsha maziwa kwanza, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kijiko cha suusac ya jana ili yachachuke. Adeer alisema maziwa yaliyochemshwa ni maziti. Eeddo hakusema kitu, lakini rafiki yangu aliniambia baadaye kuwa ana chungu cha pembeni, suusac iliyochemshwa, anayowauzia wajawazito na wenye watoto wadogo. Hakuna tangazo ukutani. Anawajua kwa sura.

Nilikunywa ile mbichi, sitaficha. Nilikuwa mgeni na kikombe kilikuwa mkononi. Lakini mwanangu nisingempa, na wewe usimpe wako.

Kwa nini chumba hiki kina uzito

Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini. Ng'ombe ndio waliotangulia kuanguka, kwa sababu ng'ombe hana subira na kiu. Eeddo alikuwa na ng'ombe. Sasa ana ngamia wawili, walio malishoni na ndugu yake, na chumba hiki cha mabati.

Si yeye peke yake aliyehama. Sensa ya 2009 ilihesabu ngamia wasiofika milioni 3 nchini Kenya. Ya mwaka 2019 ilihesabu takriban milioni 4.6. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2024 kuwa mwaka wa ngamia na jamaa zake. Kwa hiyo mnyama tunayempanda ufukweni kwa picha amekuwa, kwa wenzetu wa bara hili kavu, benki, ghala na duka la dawa.

Na biashara ya maziwa yake, kutoka pikipiki hadi kikombe, kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wanawake. Ikikua, wakubwa wataiona. Ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Bodi ya Maziwa ya Kenya imekuwapo tangu 1958, wakati maziwa ya biashara yalikuwa ya ng'ombe wa nyanda za juu zenye baridi. Kanuni za usafi ni za haki na zinahitajika, nimeshasema habari ya brusela. Lakini kanuni ikifika Habaswein kabla ya mkebe, kabla ya barafu, kabla ya mahali pa kupozea maziwa, itakuwa imekuja kufunga chumba cha eeddo tu. Na maziwa yataendelea kunywewa, ila gizani, ambako hakuna kipimo cha kioo.

Sisi tumeshayaona haya. Mnazi wetu umepigwa marufuku, ukaruhusiwa, ukapigwa tena, na hakuna siku minazi iliyoacha kugemwa. Kilichopotea ni vibuyu. Leo ukienda mangwe utakuta tembo limo kwenye jerikeni ile ile ya manjano, yenye shingo ile ile nyembamba. Mtu wa Kilifi na mtu wa Habaswein hawanywi kinywaji kimoja, lakini wanaosha chombo kimoja, na wote wawili hakioshiki.

Rai yangu ni fupi. Kaunti zetu, ya huko na za huku, zinapotoa leseni zianze na chombo. Mkebe wenye mdomo mpana, kwa mkopo wa vikundi vya wanawake, una faida kuliko askari kumi wa ukaguzi. Mafunzo ya kuchemsha na kuchachusha yatolewe na akina mama wanaojua kufukiza, wasikilizwe na wao. Asiyejua moshi asimfundishe mwenye moshi.

Chupa ya mama

Siku ya kuondoka nilimwomba eeddo suusac ya kumpelekea mama yangu, ile iliyochemshwa. Akanijazia chupa ya soda ya lita mbili, akaacha nafasi juu. "Kifuniko usikaze," akaniambia kwa Kiswahili, polepole, ili nisikie vizuri. "Kiache kipumue."

Nilikubali. Lakini ndani ya gari nilikaa na abiria aliyevaa kanzu nyeupe, na kila tulipopita shimo maziwa yalitaka kutoka. Nikaona haya. Nikakaza.

Unazikumbuka zile hamira? Kabla ya Modogashe chupa ilikuwa imevimba kama mpira. Nilipojaribu kuifungua ilipiga kelele ya kufungua soda mara kumi, na nusu ya suusac ikaenda darini, nusu ikaenda kwenye kanzu. Abiria wote walinuka moshi mtamu mpaka Garissa. Yule bwana alinisamehe. Aliniuliza tu natoka wapi, na nilipomwambia Pwani, akatikisa kichwa. Mtu wa nchi ya mnazi, ambako kila mtoto anajua dumu la tembo halikazwi, amepasukiwa na maziwa.

Nilifika Malindi na chupa tupu. Nilimpa mama hivyo hivyo, nikamweleza. Aliifungua, akainusa kwa muda mrefu. Mama yangu ni mtu wa mitungi, mpaka leo hufukiza mtungi wake wa maji kwa ubani kabla ya kuujaza.

"Huyu aliyefukiza anajua kazi yake," akasema. Kisha akanigeukia: "Sasa wewe, kifuniko ulikikazia nini?"